Lami mpya ya nyumbani: jinsi ya kuilinda mwaka wa kwanza, na jinsi ya kuitengeneza ikishaumia

Maswali mnayoleta kuhusu lami ya kutoka getini hadi kibarazani yanafanana mno. Mtu ametoa pesa nyingi, fundi kamaliza, rola limeondoka. Mwezi hauishi, mbele ya gereji pana mikwaruzo ya duara, pembeni pana vishimo vya stendi ya pikipiki, na ukingo umeanza kumeguka kama mkate uliokauka. Anaitwa fundi yuleyule, anamwaga ndoo mbili za lami, anashindilia kwa mgongo wa chepe, anaondoka. Mvua za Desemba zinaing'oa yote. Mwaka unaofuata ni hivyohivyo.

Nimeandika nikiwa na Tabora kichwani: ardhi tambarare, jua la Septemba na Oktoba lisilo na huruma, kisha mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Aliye Kigoma anaweza kufuata hatua hizihizi, ila kwa milima ya huko, sehemu ya maji aisome mara mbili.

Kabla ya chochote, shika hili: lami haiumizwi sana na kinachopita juu yake. Inaumizwa na kinachosimama. Lami ni kimiminika kizito kilichoshikilia kokoto. Gari likipita, uzito unakuja na kuondoka kabla lami haijapata nafasi ya kusogea. Gari lilelile likikaa mahali pamoja kwa muda wa saa tano mchana, lami inasogea polepole kutoka chini ya tairi na hairudi. Dizeli ikidondoka na kufutwa papo hapo haina neno, ikituama inayeyusha. Maji yakipita yanaisafisha tu; yakisimama yanapenya mpaka kwenye msingi. Ukiona tatizo lolote kwenye lami yako, jiulize kwanza ni nini kimekuwa kikisimama pale.

## Vifaa vya kuwa navyo

Vya ulinzi, viwepo nyumbani kuanzia siku fundi anapoondoka:

- fagio gumu na mpira wa maji
- ndoo mbili za vumbi la kokoto au mchanga mkavu wa chengachenga, vikae chini ya paa visilowe
- vipande vya mbao au plaiwudi nene, kila kimoja angalau sentimita 30 kwa 30
- gunia dogo la maranda ya mbao au majivu makavu
- sabuni ya unga na brashi ya kusugulia

Vya ukarabati, tafuta vikihitajika:

- tindo pana, nyundo nzito, sururu, chepe na toroli
- kamba na chaki
- shindilio la mkono, au mashine ya kushindilia ya kukodi kwa siku
- lami ya maji, ile ya rangi ya kahawia inayomiminika bila kuchemshwa
- kokoto za nusu inchi, kokoto ndogo zaidi, na vumbi la kokoto
- ubao ulionyooka wa mita moja na nusu au zaidi

Mifuko ya lami ya baridi iliyokwisha kuchanganywa ikipatikana, chukua hiyo. Inaokoa kazi na makosa.

## Hatua ya 1: Jua umewekewa lami gani

Wengi hawajui, na ndiyo maana wanapewa ushauri usiowahusu.

Ya kwanza ni lami ya moto. Kokoto na lami vimechanganywa mtamboni au kwenye kikaango kikubwa, vikaletwa vikiwa na nyuzi joto kama 140 hadi 160, vikatandazwa na kushindiliwa kwa rola. Uso wake umefunga, na kwa nyumbani unene wake huwa kama sentimita 5.

Ya pili ni lami ya kumwagia: lami inanyunyizwa juu ya msingi, kokoto zinamwagwa, rola linapita, na mara nyingi tabaka la pili linafuata. Uso wake unakwaruza mkono, na siku za mwanzo una kokoto zinazoserereka.

Ya moto inaogopa kubonyea. Ya kumwagia inaogopa kung'olewa kokoto, kwa hiyo mtu akifunga breki ghafla au kukanyaga mafuta kwa fujo, kokoto zinaruka na lami inabaki uchi. Msingi ukiwa mzuri, zote mbili hudumu.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kwanza, funga geti

Kwa lami ya moto, gari lisipite kwa saa 24 angalau. Kama imewekwa kati ya Septemba na Novemba, fanya siku tatu. Watu wapite kwa miguu tu, na wenye viatu vya kisigino wazungukie pembeni.

Tazama namba hizi uone sababu. Lami ya daraja la 60/70 (namba zinazoonyesha ugumu wake), mojawapo ya zinazotumika sana kwenye barabara zetu, kipimo chake cha kulegea kiko kati ya nyuzi 49 na 56. Mchana wa Oktoba hapa hewa inafika nyuzi 32 na kupita, na uso mweusi uliolala juani unavuka nyuzi 50 bila shida. Kila mchana, basi, lami yako inagusa mpaka wa kulegea. Iliyozeeka kidogo inavumilia. Mbichi haivumilii.

Ikibidi gari lipite mapema, mwagia maji ya baridi dakika kumi kabla, lipite asubuhi, lisisimame. Maji hayaharakishi kukomaa kwa lami. Yanaipoza tu kwa muda.

Kwa lami ya kumwagia, gari linaweza kuingia kesho yake likitembea polepole kabisa, mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa. Tena ni vizuri lipite, maana tairi zinasaidia kukalisha kokoto. Usifagie kokoto zilizozidi siku hiyohiyo. Subiri asubuhi ya siku mbili au tatu baadaye, ufagie kwa fagio laini bila kukandamiza.

Ukifanikiwa: siku ya nne, saa nane mchana, weka sarafu juu ya lami na uikanyage kwa kisigino kwa muda mfupi. Ikiacha alama hafifu inayofutika kwa kupitisha kiatu, endelea na hatua ya 3. Ikizama, ongeza siku.

## Hatua ya 3: Miezi mitatu ya adabu

Hapa ndipo lami nyingi zinapoharibika, kwa sababu mwenye nyumba anaona imekauka na kung'aa, anadhani imemaliza. Juu pamekauka. Chini bado. Lami huendelea kukaza kwa miezi 6 hadi 12.

Usukani. Usizungushe usukani gari likiwa limesimama. Hili pekee linazalisha nusu ya malalamiko ninayoyasikia. Tairi lililosimama likizungushwa halibingiriki, linasaga: lote linajikunja juu ya eneo dogo kama kiganja, na kokoto za juu zinang'oka. Gari lianze kusogea, hata kwa mwendo wa kobe, ndipo ukate kona. Waambie na wageni. Mwenye gari dogo kama IST anafanya madhara kidogo. Mwenye Land Cruiser anaacha duara utakaloliona mwaka mzima.

Kuegesha. Usiegeshe palepale kila siku. Sogeza nusu mita mbele au nyuma, au badilisha mahali kila baada ya siku mbili. Kama kuna mwembe unaotoa kivuli saa za mchana, egesha hapo, lakini soma kwanza habari za mizizi kule chini.

Stendi ya pikipiki. Stendi ya pembeni inabeba sehemu ya uzito wa pikipiki kwenye kichuma chenye upana wa vidole viwili. Mchana wa Oktoba inazama kwa dakika chache, na pikipiki inaanguka ubavuni, uharibifu juu ya uharibifu. Weka kipande cha plaiwudi getini, bodaboda aweke stendi juu yake. Jeki ya gari, miguu ya ngazi, miguu ya jenereta na meza ya chuma vyote vinataka ubao chini.

Sherehe na misiba. Sijaona mwongozo unaolitaja hili, na huku kwetu haliepukiki. Kukiwa na send-off, kipaimara au msiba, watu wa maturubai wanakuja na mambo za chuma, yaani vigingi vya kufungia kamba, na kuzigongelea popote. Kila tundu la mambo ni mlango wa maji. Kubaliana nao mapema: kamba zifungwe kwenye miti, kwenye nguzo za ukuta, au kwenye ndoo zilizojazwa mchanga. Viti vya plastiki vikikaliwa na watu wazima mchana kutwa vinaacha alama nne nne. Panga viti upande wa udongo, lami iwe njia. Na majiko ya kuni yasiwekwe juu ya lami hata kama "ni ya kuchemshia chai tu".

Boza na tipa. Boza la lita 10,000 lina tani 10 za maji kabla hujahesabu gari lenyewe. Msingi wa njia ya nyumbani haukujengwa kwa hilo, na baya zaidi ni kwamba boza linasimama nusu saa likishusha. Nunua mpira mrefu wa kufika kwenye tangi. Mama mmoja mtaani kwetu ameshalizoea:

"Shikamoo mama, nisogee mpaka kwenye tangi?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, baki hapohapo nje, mpira wangu unafika."

Tipa la mchanga nalo limwage nje. Toroli litafanya kazi iliyobaki.

Zege. Usichanganyie zege wala udongo wa plasta juu ya lami. Saruji inashika, na chepe linakwangua. Kama huna pengine, tandika plaiwudi na turubai juu yake.

Oili chafu. Kuna watu wanapaka oili iliyotolewa kwenye injini ili lami iwe nyeusi na kuvutia. Inavutia wiki mbili. Oili hiyo inalegeza lami, na utaibeba kwenye viatu mpaka sebuleni. Lami ikipauka, iache ipauke. Ukitaka kuipaka tabaka jembamba la lami ya maji, subiri angalau miezi 6, na bora mwaka.

## Hatua ya 4: Shika kingo

Ukingo wa lami ndipo pa kwanza kumeguka, kwa sababu upande mmoja hauna kitu cha kuegemea. Tairi likipita sentimita 10 kutoka ukingoni, lami inasukumwa kwenda hewani.

Bora ni mawe ya ukingo au tofali za saruji zilizosimikwa kwenye zege kabla lami haijamwagwa. Kama hukuweka, fanya hivi:

1. Chimba mfereji mwembamba kando ya lami, upana wa sentimita 30, kina cha sentimita 10 hadi 15. Usichimbe chini ya lami.
2. Jaza moramu yenye unyevu kidogo, tabaka kwa tabaka, ukishindilia. Moramu ikibanwa kwenye ngumi ishikane bila kutoa maji.
3. Malizia usawa mmoja na lami, ikiteremka kidogo kwenda nje. Ikiwa juu, maji yatazuiwa kwenye lami. Ikiwa chini, ukingo bado uko uchi.
4. Panda nyasi za kutambaa kwenye sehemu ya nje ili mvua isihamishe moramu.

Kisha weka mawe makubwa yaliyopakwa chokaa kwenye kona ya geti. Madereva wote hukata kona kwa ndani, na hakuna maneno yatakayowabadilisha kama jiwe.

Tahadhari: kipande kati ya geti lako na barabara ya mtaa kiko kwenye hifadhi ya barabara. Usijenge ukingo, usizibe mtaro wala kuweka karavati bila kibali. Kwa barabara za mitaa wakala anayehusika ni TARURA, kwa barabara kuu na za mkoa ni TANROADS.

## Hatua ya 5: Maji yapite, yasikae

Tabora ni tambarare, kwa hiyo maji hayajui pa kwenda mpaka uyaonyeshe. Njia ya gari inatakiwa iteremke upande mmoja kwa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita ya upana. Jicho halioni kipimo hicho, lakini maji yanakiona.

Usisubiri Novemba. Mwaga ndoo kadhaa za maji sehemu ya juu na ufuatilie yanavyokwenda. Zungushia chaki kila panapobaki dimbwi baada ya saa moja. Dimbwi la kina cha milimita chache tu unaweza kuliacha. Linalofunika kidole ni la kushughulikia, maana pale ndipo shimo la kwanza litatokea.

Kisha angalia paa. Bati lisilo na mfereji linadondosha maji mstari mmoja msimu mzima, na mstari huo ukiangukia kwenye lami utachimbika. Weka mfereji wa bati na bomba la kushushia, au kama fedha haitoshi, panga mawe bapa pale maji yanapoangukia.

Viwanja vilivyo kwenye udongo mweusi wa mbuga vina shida ya ziada. Udongo huo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na lami inapasuka kwa nyufa ndefu. Ufa wa namna hiyo haupo kwenye lami, upo chini yake. Ziba ufa kwa lami ya maji na vumbi la kokoto ili maji yasiingie, na hamisha maji ya mvua mbali na kingo kwa mtaro. Kutibu kabisa ni kuondoa ule udongo, na hiyo ni kazi ya kabla ya kuweka lami.

Ukifanikiwa: nusu saa baada ya mvua kubwa, lami imelowa lakini haina kioo cha maji popote, na mtaro wako unatiririka.

## Hatua ya 6: Mafuta yakimwagika

Dizeli ni mbaya kuliko petroli. Zote mbili na mafuta ya taa ni ndugu wa lami, zinaiyeyusha, lakini petroli huwahi kuruka hewani ilhali dizeli inakaa. Oili ya injini inayeyusha polepole zaidi.

1. Mwaga maranda, majivu au mchanga mkavu papo hapo. Usisugue. Kusugua kunaisukuma ndani.
2. Subiri dakika 15, fagia, weka vikavu vingine, fagia tena.
3. Nyunyiza sabuni ya unga, ongeza maji kidogo, sugua kwa brashi, suuza kwa maji mengi. Yasielekee kisimani wala bustanini.
4. Zika yale maranda mbali na mboga. Usiyachome juu ya lami.
5. Kesho yake, bonyeza kwa bisibisi. Pakiwa pagumu, umemaliza. Pakiwa pameoza na kokoto zinachomoka, usihangaike tena na sabuni. Kata kipande hicho na uzibe kama shimo, hatua ya 9.

Gari linalovuja lisiingie mpaka lipone. Wakati huo huo weka sinia la bati lenye mchanga chini ya injini. Jenereta pia.

## Hatua ya 7: Mikwaruzo, vishimo vya stendi na lami inayotoka juu

Mkwaruzo wa usukani ambao kokoto zake bado zimeshika usiutengeneze. Mwagia kiganja cha vumbi la kokoto, pitisha gari polepole mara chache saa za joto, acha. Miezi michache utafifia. Kuna mafundi wanaochoma kwa moto wa gesi ili "kuulainisha". Moto unaiunguza lami na kuifanya ikatike baadaye, mkatalie.

Kokoto zikiwa zimeng'oka: fagia, paka lami ya maji kidogo kwa brashi, subiri igeuke nyeusi, mwagia vumbi la kokoto, kandamiza kwa ubao.

Kishimo cha stendi kisichofika kina cha ukucha, kiache. Kirefu zaidi, kijaze hivyohivyo.

Lami ikitoka juu na kung'aa mchana, ikishika viatu, maana yake iliwekwa nyingi kuliko kokoto. Saa za joto kali mwaga mchanga mkavu wa chengachenga au vumbi la kokoto, usiwe mchanga laini kama unga. Pitisha gari, fagia asubuhi, rudia siku zinazofuata mpaka ikome. Ikiendelea kipindi chote cha joto, hilo ni kosa la fundi na arudi.

## Hatua ya 8: Ndago na mizizi ya mwembe

Ndago inatoboa lami nyembamba. Ncha yake ni kali, inatoka chini kama msumari na kuacha kivimbe kilichopasuka nyota. Kuing'oa hakusaidii, kwa sababu kiazi kimebaki chini. Paka dawa ya magugu inayofyonzwa na majani, kwa brashi, kwenye majani yenyewe. Subiri wiki mbili ikauke, ndipo uzibe tundu kwa lami ya maji na vumbi la kokoto. Anayejenga sasa achimbue ndago zote kabla ya kifusi. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato.

Mwembe ni mgumu zaidi, kwa sababu hakuna Mtabora anayekata mwembe kwa furaha. Lami ikianza kuinuka mstari mmoja, chimba kando yake, utafute mzizi, uukate kwa msumeno upande wa lami, kisha simika karatasi ngumu ya bati au ukuta mwembamba wa zege wa kina cha sentimita 60 kati ya mti na lami. Usikate mizizi minene ya pande zote msimu mmoja, mti utaanguka na upepo wa Novemba. Na fagia majani: yanaziba mtaro na kushika unyevu.

## Hatua ya 9: Kuziba shimo lisirudi tena

Hapa ndipo watu wanashindwa, na sababu ni moja: wanajaza shimo bila kulikata. Lami mpya inatandazwa hadi juu ya lami ya zamani kwa ukingo mwembamba kama chapati, tairi linamenya ukingo huo, maji yanaingia, basi.

Fanya kazi hii siku kavu, asubuhi, bila dalili ya mvua.

1. Tafuta chanzo. Shimo limetoka wapi: maji ya bati, dizeli, ukingo usio na egemeo? Kama hujui, rudi hatua zilizotangulia. Kulijaza bila kujibu swali hili ni kumlipa fundi mara mbili.

2. Chora mstatili. Kwa chaki na kamba, chora umbo lenye pembe nne linalozidi shimo kwa sentimita 10 hadi 15 kila upande, mpaka kwenye lami isiyotikisika. Gonga kwa nyundo: panapolia kavu ni pazima, panapolia bubu pameachana na msingi.

3. Kata wima. Kwa tindo na nyundo, kuta zisimame wima. Ukuta wima unaipa lami mpya kitu cha kusukumana nacho wakati wa kushindilia. Ukuta wa mteremko unaiachia itoroke.

4. Toa kila kilicholegea. Tope, vumbi, kokoto, vyote, mpaka sakafu ngumu na kavu. Ukikuta tope linaendelea chini, endelea nalo. Tope lililobaki ndani litapanda na mvua ya kwanza.

5. Rudisha msingi. Kama umechimba kupita unene wa lami, jaza kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, au moramu nzuri, kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10. Nyunyiza maji kidogo, shindilia kila tabaka mpaka shindilio linaruka badala ya kuzama. Acha sentimita 5 za juu kwa ajili ya lami.

6. Paka lami ya maji. Sakafu na kuta zote, tabaka jembamba. Ikimwagwa ni kahawia kama chai ya maziwa. Usiendelee mpaka igeuke nyeusi kabisa, maana rangi hiyo inaonyesha maji yametengana na lami. Anayejaza juu ya kahawia anafungia maji ndani.

7. Changanya. Kwa kutumia lami ya maji, ulizia ile inayochelewa kuganda, ya kuchanganyia. Ya kuganda haraka ni ya kupaka, na itaganda kwenye chepe kabla hujageuza mara tano. Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 5, linameza kama kilo 40 zikishashindiliwa, yaani ndoo moja ya lita 20 na ziada kidogo. Kwa kiasi hicho, lita tatu hadi nne za lami ya maji zinatosha. Lowesha kokoto kidogo kwanza, mimina lami, geuza mpaka kila kokoto iwe imevikwa. Ikibaki supu chini ya toroli, umezidisha.

8. Jaza matabaka mawili. Kila moja la sentimita 3 hivi, ukianzia pembeni na kuelekea katikati. Shindilia la kwanza kabisa kabla ya la pili. Usimwage yote kwa pamoja: juu patakuwa pagumu na chini pamelegea. Lami ya maji inahitaji pia nafasi ya kutoa maji yake, ndiyo maana matabaka ni membamba.

9. Malizia juu kidogo. Ukishashindilia, kiraka kizidi lami ya zamani kwa nusu sentimita hadi moja. Tairi zitakikalisha. Pitisha ubao ulionyooka: usione mwanga katikati.

10. Funga. Paka lami ya maji kwenye mshono wote, upana wa vidole vitatu, mwagia vumbi la kokoto. Gari lisipite mpaka kesho yake, na kwa wiki mbili lisisimame juu yake.

Ukifanikiwa: baada ya mvua ya kwanza kubwa, mshono hautoi maji ukikanyagwa, na kiraka kikigongwa kinalia kavu kama lami ya jirani yake.

## Wakati wa kumwita aliyeiweka

Mikwaruzo, vishimo vya stendi na mafuta ni yako. Nyufa za mtandao zinazofanana na gamba la mamba, lami kubonyea mistari miwili ya tairi ndani ya miezi michache, au kung'oka vipande ambavyo chini yake ni vumbi tupu bila kupakwa lami, hayo ni ya fundi. Piga picha zenye tarehe, weka rula kando ya kila jeraha, umpelekee kabla hujagusa chochote, kwani ukishaziba atasema umeharibu wewe.

Ambaye bado hajaweka lami, aandike kwenye mkataba unene wa lami na wa msingi, na abakize asilimia 5 hadi 10 ya malipo mpaka msimu mmoja wa mvua upite. Fundi anayekataa sharti hilo moja kwa moja, mpe kazi ya kupaka rangi ukuta. Na kazi ianze Mei au Juni, mvua zikiwa zimeondoka na joto la Septemba likiwa bado mbali.